Mkia wenye mistari: kisa cha sato katika bonde la Ziwa Nyasa

Walaze perege wawili ubavu kwa ubavu kwenye meza ya samaki mjini Kyela, mmoja wa bwawani na mwingine wa ziwani, kisha utazame mikia yao. Sato, yule aliyezoeleka mabwawani, ana mistari ya wima iliyopangana vizuri toka shina la mkia mpaka ukingoni. Magege wa Ziwa Nyasa hana mpangilio huo. Kwa mla samaki habari imekwisha: wote wana miba, wote wanakaangika, wote wanakwenda na wali. Kwa ziwa, habari ndiyo kwanza inaanza. Anayetia hofu ni samaki wa tatu, mwenye mistari iliyofifia na kukatika katikati, ambaye baba yake alitoka bwawani na mama yake ziwani.

Uchambuzi huu unamhusu huyo wa tatu: anavyopatikana, kwa nini akishapatikana hakuna wavu wa kumtoa, na kwa nini ulinzi wenye maana inabidi uanze kwenye mfuko wa plastiki wa vifaranga, kabla fundo lake halijafunguliwa.

Mgeni wa bonde

Sato kwa jina la kitaalamu ni Oreochromis niloticus. Kwao ni mto Naili, maziwa ya Albert, Edward na Turkana, na mito ya Afrika Magharibi kama Senegal, Niger na Volta. Kwao pia ni Ziwa Tanganyika. Hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa, kwa sababu mtu wa Kyela akiambiwa sato ni mgeni atauliza, na ana haki ya kuuliza: mgeni vipi, na Kigoma yupo tangu enzi na enzi? Jibu ni kwamba samaki hajui mipaka ya nchi. Anachokijua ni maji yaliyoungana. Samaki wa Kigoma akimwagwa Kyela ni mgeni sawasawa na aliyetoka Misri.

Mkoa wa Mbeya ni mahali pazuri pa kuliona hili kwa macho. Mvua inayonyesha kwenye milima inayolizunguka jiji hugawana njia tatu. Inayoshukia Usangu huingia Ruaha Mkuu, kisha Rufiji, kisha Bahari ya Hindi. Inayoshukia upande wa magharibi huishia Ziwa Rukwa, ziwa ambalo maji yakiingia hayana mto wa kutokea. Inayoshukia kusini kupitia Rungwe hufuata Kiwira, Mbaka na Lufilyo hadi Nyasa. (Ipo mito miwili inayoitwa Songwe: mmoja unakwenda Rukwa, mwingine ndio mpaka wetu na Malawi na unaingia Nyasa. Msomaji wa ramani ajihadhari.) Kila bonde lina perege wake. Rufiji ina Oreochromis urolepis, Rukwa ina Oreochromis rukwaensis, na Nyasa ina kundi zima: watatu ambao Wamalawi huwaita chambo na wavuvi wa Kyela huwajumlisha kwenye jina la magege, yaani O. karongae, O. squamipinnis na O. lidole, pamoja na O. shiranus, ambaye hupenda zaidi kingo za ziwa, vinamasi na mito.

Vilima viliwatenga hawa kwa maelfu mengi ya miaka. Pikipiki yenye mfuko wa vifaranga inavuka toka bonde moja hadi jingine kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana.

Aliyemtoa sato kwao si mmoja. Katika miaka ya 1950, maofisa wa uvuvi wa serikali ya kikoloni walimpandikiza Ziwa Victoria, pamoja na Oreochromis leucostictus na perege wengine wa nje. Sangara naye aliingia katika kipindi hicho hicho. Victoria ilikuwa na ngege wake, Oreochromis esculentus, aliyekuwa uti wa mgongo wa uvuvi wa ziwa lile. Leo ngege amebaki zaidi kwenye maziwa madogo ya pembeni, na sato ndiye anayetajwa Mwanza mtu akiagiza perege. Lawama nyingi aliangushiwa sangara kwa sababu ana meno na ana umbo la kutisha. Sato alipita kimya.

Baada ya hapo upandikizaji ukawa kama desturi. Lambo jipya likichimbwa, linamwagiwa samaki; bwawa la umeme likijaa, linamwagiwa samaki; mradi wa lishe ukifika kijijini, unaleta samaki. Nia ilikuwa njema na protini ilipatikana, hilo sitalibeza. Lakini karibu kila mara samaki aliyeletwa alikuwa wa bonde jingine. Mwaka 2013 watafiti, wakiwamo wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), walichapisha taarifa kwamba sato amekwisha kuonekana ndani ya bonde la Ziwa Nyasa, upande wa Tanzania. O. leucostictus naye alikuwemo. Mwaka 2019 ukatoka utafiti mpana zaidi wa mabonde ya nchi nzima, ukionyesha kwamba perege wa kupandikizwa wametapakaa mbali sana na kwao, na kwamba huo ni urithi wa miongo ya kuwamwaga kwa makusudi.

Kwa hiyo swali la kama sato ataingia bonde la Nyasa limeshapitwa na wakati. Lililobaki ni wangapi zaidi wataingia, mara ngapi, na wapi.

Bwawa la Mwalimu

Tuchukue bwawa la mfano. Anayelijua bonde la Kyela atamtambua jirani yake ndani yake.

Mwalimu mstaafu ametumia sehemu ya kiinua mgongo kuchimba bwawa la mita 15 kwa 20 pembeni ya mashamba ya mpunga. Kule chini maji ya ardhini yako karibu. Ukichimba, bwawa linajijaza lenyewe. Ziwa liko mita 474 hivi kutoka usawa wa bahari, ardhi ni tambarare, joto lipo mwaka mzima. Kwa sato hapo ni peponi. Maji yakishuka chini ya nyuzi 16 hivi sato hupoteza hamu ya kula, ndiyo maana waliomjaribu Makete au Rungwe ya juu hulalamika kwamba hakui. Kyela, akilishwa vizuri, hufika robo kilo na zaidi ndani ya miezi 6 hadi 8.

Mwalimu ameagiza vifaranga 900, watatu kwa kila mita ya mraba. Wamekuja kwa gari toka mbali, ndani ya mifuko iliyojazwa oksijeni. Ameambiwa ni “madume matupu”, kwa hiyo hawatazaana ovyo na kujazana bwawani wakiwa wadogo wadogo, tatizo linalowachosha wafugaji wengi wa perege. Ameweka pumba, ameweka dagaa wa kusaga, amezungushia wavu wa kuzuia ndege. Ni mfugaji mzuri. Nalisema hili kwa sababu visa vya viumbe vamizi hupenda kumtafuta mjinga wa kubebeshwa mzigo, na hapa hayupo.

Kisha inafika masika. Kyela hupokea zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Kiwira na Mbaka zikifika tambarare huwa zimebeba pia mvua ya Rungwe yote. Maji hayaji kwa kishindo. Yanapanda usiku taratibu, mpunga unazama, tuta la bwawa linapotea, na kunakucha bwawa, shamba na mto ni kitu kimoja. Yakikauka, Mwalimu anawahesabu waliobaki kisha anampigia simu afisa uvuvi wa kata, kijana ambaye kila mtu anamwita Bwana Samaki.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba mwanangu. Nimepata hasara, nusu ya samaki wameondoka.”

“Pole sana Mwalimu. Wamekwenda upande gani?”

“Upande gani tena, si mtoni! Acha waende, watazaana huko, tutawavua bure.”

“Hilo la kuzaana ndilo linaloninyima usingizi, Mwalimu.”

Mazungumzo kama hayo ndiyo kisa chenyewe. Hasara inahesabiwa kwa Mwalimu, na ni hasara ya kweli. Fidia ikitajwa, atatajwa yeye. Samaki mia nne na hamsini walioingia Mbaka hawana safu yao katika daftari lolote, na hakuna ofisi itakayopigiwa simu kwa ajili yao. Mwaka unaofuata ataagiza wengine. Ndivyo sumu ya taratibu inavyofanya kazi: si tukio moja kubwa kama lile la Victoria miaka ya 1950, ni mifuko midogo inayorudiwa kila baada ya masika.

Kinachotokea mtoni

Watu wengi wakisikia “spishi vamizi” wanangoja kuona mzoga. Gugu maji linafunika ziwa, unaliona. Sangara anameza furu, wale samaki wadogo wa Victoria, unapasua tumbo lake unawakuta. Sato haachi ushahidi wa namna hiyo. Hula mwani, matope yenye viini, wadudu wadogo, wakati mwingine mayai ya wenzake. Si mla nyama wa kuogopwa. Yapo madhara ya kawaida: dume wa sato ni mgomvi, hunyang'anya mahali pa kuchimba kiota, jike hupevuka mapema, hata ndani ya miezi michache kwenye maji ya joto, na huweza kutaga tena na tena kwa mwaka huku akiatamia mayai mdomoni, hivyo watoto wake wengi hupona. Magege wa ziwani huchelewa kupevuka na huzaa kwa msimu. Kwenye mbio za kujaza kinamasi, mshindi anajulikana.

Ila zito zaidi ni ndoa. Perege wa jenasi (kundi la spishi ndugu) ya Oreochromis ni ndugu wa karibu kiasi kwamba wakikutana mahali pageni, hasa maji yakiwa na tope na rangi za madume hazionekani vizuri, huchanganyika. Watoto wao si tasa kama nyumbu wa punda na farasi. Wanazaa, na wanarudi kuzaa na upande wowote. Baada ya vizazi kadhaa hakuna tena kundi la wageni na kundi la wenyeji. Kuna mchanganyiko, na kila samaki amebeba kipande cha huku na kipande cha kule.

Hili si la kubuni. Katika mto Kafue, Zambia, sato walitoroka kwenye mashamba ya samaki na kuchanganyika na perege wa mto ule. Katika Limpopo, Oreochromis mossambicus amekuwa akipoteza nasaba yake kwa njia hiyo hiyo. Na hapa nyumbani, kwenye ziwa dogo la Rutamba mkoani Lindi, wachunguzi wa vinasaba wamekuta mahuluti kati ya sato na perege wa pale, Oreochromis korogwe, ambaye mabaki yake ya kusini yalikuwa hazina kwa sababu ndugu zake wengine wako mbali kaskazini, huko Pangani.

Kwa Nyasa naona tofauti mbili zinazopaswa kusemwa, ili tusitishane bila mpangilio. Ya kwanza, ziwa lenyewe si dimbwi. Lina kina cha karibu mita 700, maji yake ya katikati ni meupe, na limejaa spishi za samaki zinazokadiriwa kati ya 500 na 1,000, nyingi hazipatikani pengine popote duniani. Kila pembe ya jiwe ina mwenyewe. Sato hataingia humo na kutawala kirahisi kama alivyofanya kwenye malambo. Magege wanaokaa maji wazi wakichuja mwani watakutana naye kwa nadra mwanzoni.

Tofauti ya pili ndiyo inayonitia wasiwasi. Kingo za kaskazini mwa ziwa, pale Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe wanapomwaga maji, si mawe meupe. Ni matope, matete, vinamasi na mashamba ya mpunga. Huko ndiko anakokaa O. shiranus, na huko huko ndiko mafuriko yanakomshusha sato. Kama kuna mwenyeji wa kwanza wa kupoteza jina lake, kwa maoni yangu ni huyu, ambaye hana umaarufu wa chambo, hauzwi kwa sifa, na akitoweka ndani ya damu ya mwingine wavuvi wataendelea kumvua wakidhani ni yule yule.

Jicho halitoshi kumjua. Mistari ya mkia inasaidia kumtambua sato safi, na inasaidia kumshuku chotara wa kizazi cha kwanza. Kizazi cha tatu au cha nne anaweza kufanana kabisa na mwenyeji, huku ndani akiwa bado na sehemu ya mgeni. Kinachomfichua ni kipande cha pezi kilichohifadhiwa kwenye spiriti na kupelekwa maabara. Kwa hiyo siku wavuvi wakianza kuona mikia yenye mistari nusu kwenye nyavu zao, mchanganyiko utakuwa umetangulia siku nyingi.

Hoja ya madume matupu

Kila nikizungumza na wafugaji, hoja hii inakuja mapema, na inastahili jibu la kina. Vifaranga vya sato vikilishwa chakula chenye homoni ya kiume kwa wiki tatu hadi nne za mwanzo, karibu wote hukua wakiwa madume. Wafugaji wanapenda hivyo kwa sababu dume hukua haraka na nguvu haiendi kwenye mayai. Watetezi wanasema: hata wakitoroka, madume watazaa na nani?

Watazaa na majike wa mtoni. Hapo hoja inavunjika. Ufugaji wa madume matupu unazuia sato kuanzisha ukoo wake mwenyewe nje ya bwawa, na kwa hilo una faida. Hauzuii kuchanganyika na wenyeji. Kwa hakika unaweza kuuchochea: madume mia nne wakubwa, wagomvi, waliolishwa vizuri, wameingia kwenye kinamasi ambamo hakuna jike hata mmoja wa kabila lao. Isitoshe, “matupu” ni neno la biashara. Majike wachache hupita kila mara, na jike mmoja wa sato hutaga mayai mamia kwa mara moja.

Maziwa ya kasoko

Ukipanda kutoka Kyela kuelekea Tukuyu, kisa kinabadilika kabisa, kwa sababu maji yanabadilika. Volkano za Rungwe zimeacha maziwa madogo ya mviringo, kila moja limekaa kwenye shimo lake la volkano, yaani kasoko, halina mto wa kuingia wala wa kutoka wa kutajika. Masoko ndilo wageni wanalolijua zaidi, kwa ajili ya majengo ya jeshi la Wajerumani na hadithi za silaha na fedha zilizotupwa majini wakati wa Vita ya Kwanza. Wanabiolojia wanalijua kwa jambo jingine.

Ndani ya Masoko kuna furu mdogo, Astatotilapia calliptera, ambaye pia yupo mto Mbaka hapo jirani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kwenye jarida la Science ulionyesha kwamba ndani ya ziwa hilo, ambalo upana wake haufiki kilomita moja, furu huyo ameanza kugawanyika mara mbili: mmoja anakaa maji ya juu kandokando na madume wake ni wa njano, mwingine anakaa chini kwenye giza na madume wake ni wa bluu. Makadirio yao ni kwamba mgawanyiko huo ulianza kati ya miaka 500 na 1,000 iliyopita. Kwa lugha ya mageuzi ya viumbe hiyo ni jana asubuhi. Ni nadra popote duniani kumkuta samaki katikati ya safari ya kuwa wawili, na sisi tunaye pembeni ya barabara ya migomba na kakao.

Sato hawezi kuzaa na furu, undugu wao ni wa mbali mno. Lakini ziwa dogo lililofungwa halina pa kukimbilia. Perege wakubwa wanaokula chakula kile kile, wanaochimbua mahali pa kutagia na kuyatibua maji, wanaweza kuivuruga safari hiyo bila kumuua furu hata mmoja: furu wa njano na wa bluu huchaguana kwa rangi pia, na rangi inahitaji mwanga.

Lililo gumu zaidi ni ziwa jirani la Kiungululu, ambalo vitabu vya zamani viliandika Chungruru. Mwaka 1924 Mjerumani Ernst Ahl alimpa jina la kitaalamu perege wa ziwa hilo, ambaye leo huitwa Oreochromis chungruruensis. Ni wa jenasi ile ile ya sato. Kwao ni ziwa hilo moja tu, na yumo kwenye orodha ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, ya walio hatarini mno kutoweka. Hapa hakuna haja ya mafuriko wala mradi. Mtu mmoja mwenye ndoo, aliyeona ziwa lina samaki wadogo akataka kuwasaidia majirani zake, anatosha. Spishi nzima imekaa kwenye kasoko moja kama yai kwenye kikombe.

Na dawa? Kwenye maziwa madogo ya nchi nyingine huwa wanatumia rotenoni, sumu ya mimea inayoua samaki wote, kisha wanarudisha wenyeji waliohifadhiwa pembeni. Kwenye kasoko la Rungwe ungewaua hao hao unaotaka kuwaokoa, na kama damu imeshachanganyika huna mwenyeji safi wa kumrudisha. Kuvua kwa bidii kunapunguza idadi, hakutengui nasaba.

Kwa nini wasifugwe wenyeji?

Ni swali la haki, na jibu lake linauma kidogo. Malawi kwa miaka mingi iliwazuia wafugaji wake kuingiza sato, ikawataka wafuge wa kwao: O. shiranus, O. karongae na Coptodon rendalli. Wafugaji walitii wakinung'unika, kwa sababu shiranus hupevuka akiwa mdogo, bwawa linajaa vidagaa vya perege, na sokoni havina bei. Sato wa kisasa amefanyiwa uteuzi wa vizazi na vizazi. Ule uzao maarufu ulioanza kutengenezwa Ufilipino mwaka 1988 ulichanganya sato wa porini kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal na wale waliokuwa wakifugwa Asia. Kushindana naye kwa samaki aliyetolewa mtoni wiki iliyopita ni kumpeleka ng'ombe wa kienyeji kwenye mashindano ya maziwa.

Lakini isome sentensi ya uzao huo mara ya pili. Uzao huo ulitengenezwa kutokana na perege wa porini wa Afrika ambao walikuwa bado safi. Mfano mwingine uko karibu nasi zaidi: karibu mwaka 1960, huko Malacca, Malaysia ya leo, wataalamu waligundua kwamba wakimvusha dume wa perege aliyetoka Zanzibar, ambaye asili yake ni mto Wami, kwa jike wa O. mossambicus, wanapata watoto madume watupu bila homoni yoyote. Perege wetu wa mtoni, asiye na jina sokoni, alikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelijua mpaka alipojaribiwa. Rungwe, Rukwa na Nyasa zina perege ambao hawajawahi kujaribiwa kwa uzito. Anayewachanganya leo anachoma ghala la mbegu ambalo mfugaji wa kesho angelihitaji. Hii ndiyo hoja ninayoiona ina uzito mbele ya Mwalimu, kuliko kumwambia habari za uzuri wa viumbe. Mwalimu anapenda uzuri, lakini ana ada za wajukuu.

Mahali pa kufungia mlango

Sheria zipo. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 zinatoa mamlaka ya kutosha, na nchi imeridhia mkataba wa bayoanuwai unaotaka viumbe wageni wazuiwe. Ninachokosa kuona ni sheria hizo zikisoma bonde. Udhibiti wetu wa kawaida unaangalia mpaka wa nchi, na mpaka wa nchi hausaidii chochote samaki anapotoka Morogoro au Mwanza kwenda Kyela.

Ningependelea mambo yaanzie kwa watotoleshaji, wale wanaozalisha vifaranga. Wao ni wachache, wanajulikana, na wana gari. Wafugaji ni maelfu na wametawanyika. Mtotoleshaji anayepeleka vifaranga bonde la Nyasa akidaiwa kibali cha bonde, kazi ya Bwana Samaki inapungua kwa nusu. Kwa maziwa ya kasoko kusiwe na mjadala wala kibali: hakuna samaki wa kuingia, awe wa aina yoyote. Ni maziwa machache, vijiji vinavyoyazunguka vinafahamika, na serikali za vijiji zina uwezo wa kutunga sheria ndogo.

Bondeni kwenye mafuriko, pendekezo langu ni kambale. Kambale wa kawaida, Clarias gariepinus, ni mwenyeji wa bonde la Nyasa, anavumilia maji yenye hewa kidogo, anakua haraka, na ana soko. Sharti lake ni vifaranga vitokane na wazazi waliovuliwa bonde lile lile, vinginevyo tumehamisha tatizo toka mkia mmoja hadi mwingine. Anayeng'ang'ania sato afuge juu ya mstari wa mafuriko, kwenye bwawa la turubai, lenye chujio la wavu mdogo kwenye bomba la kutolea maji. Ni gharama, najua. Turubai la bwawa la Mwalimu lingemlia faida ya msimu mzima, na hapo ndipo miradi ya lishe ingeweka fedha yake badala ya kununua vifaranga zaidi.

Upande wa pili wa Songwe nao una haki ya kusikilizwa. Tanzania na Malawi tayari wanakaa meza moja kuhusu bonde la mto huo, wakizungumza kingo, mafuriko na umeme. Perege aongezwe kwenye ajenda. Nchi moja ikiwazuia wafugaji wake kwa miaka huku mto wa mpakani unapokea samaki watoro wa nchi ya pili, uhusiano hautakuwa mzuri, na wala Wamalawi hawatakuwa wamekosea kukasirika.

Lipo dogo zaidi ambalo halihitaji kikao. Stakabadhi aliyopewa Mwalimu iliandikwa “vifaranga 900” na jumla ya fedha. Mbuzi akinunuliwa mnadani huandikwa zaidi ya hapo. Iandikwe spishi, iandikwe wazazi walivuliwa bonde gani, iandikwe vinapelekwa bonde gani, na nakala moja ibaki kwa afisa uvuvi wa wilaya. Gari likisimamishwa Uyole, pale barabara ya Kyela inapochepuka kutoka barabara kuu, askari asiyejua kutofautisha sato na shiranus anaweza kusoma mistari mitatu na kuona kama mabonde yanalingana.